Tuache kupima michezo ya simu kwa idadi ya waliopakua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie namna magazeti yetu, lako likiwamo, yanavyoandika habari za michezo ya simu. Kila mchezo mpya unapotangazwa, uwe umetengenezwa Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo, habari yake huja na takwimu moja tu: umepakuliwa mara laki ngapi au milioni ngapi. Takwimu hiyo ndiyo inayopewa kichwa cha habari na ndiyo msomaji anayobaki nayo.

Kwa mchezo unaouzwa, ambao mtu hulipa kwanza ndipo acheze, takwimu hiyo ingekuwa na maana, kwa kuwa kila aliyepakua ametoa hela. Lakini michezo mingi mno ya simu siku hizi hupakuliwa bure, na kwenye mchezo wa bure kupakua si mapato. Mara nyingi ni gharama, kwa sababu mwenye mchezo ndiye aliyelipia tangazo lililokufanya uupakue. Kuhesabu waliopakua ni sawa na kuhesabu waliochungulia dukani na kuwaita wateja. Na madhara yake yapo. Vijana wanakopa kwa ndugu ili watengeneze mchezo kwa kuwa wamesoma kwamba fulani amepata wachezaji milioni moja, na wazazi hawaelewi ni vipi kitu cha bure kimemaliza salio la simu.

Kampuni inayoonyesha vizuri zaidi jinsi biashara hii inavyokwenda ni Zynga ya San Francisco. Ilianzishwa mwaka 2007 na Mark Pincus pamoja na wenzake, mwaka uleule ambao Facebook ilifungua mlango kwa watengenezaji wa nje kuweka programu zao ndani yake. Zynga ilianza na poka, mchezo wa karata, kisha Juni 2009 ikatoa FarmVille, mchezo wa kulima shamba. Kufikia Machi 2010 mchezo huo ulikuwa unafunguliwa na watu zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Mapato ya kampuni yalikuwa dola milioni 121 mwaka 2009, milioni 597 mwaka 2010, na dola bilioni 1.14 mwaka 2011. Muda wote huo kucheza kulikuwa bure.

Hela ilitoka wapi? Anza na shamba lenyewe. Stroberi zilikomaa kwa saa 4, mazao mengine kwa saa nyingi zaidi au kwa siku kadhaa. Ukipanda ukachelewa mno kurudi, zao linanyauka na sarafu ulizolipia mbegu zimepotea. Kwa hiyo mchezaji alirudi kwa saa iliyopangwa na mchezo, si kwa saa aliyotaka yeye. Hapo ndipo penye msingi wa biashara nzima, maana asiyerudi hanunui kitu na haoni tangazo.

Halafu kulikuwa na fedha za aina mbili. Sarafu za kawaida zilipatikana kwa kuvuna. Fedha ya pili, Farm Cash, ilitolewa kidogo sana mchezaji alipopanda daraja, na iliyobaki ilinunuliwa kwa hela halisi. Mpangilio huu wa fedha mbili umeenea mpaka leo karibu kila mahali, na una sababu mbili. Fedha ya kwanza inakuzoesha kutumia: unanunua, unajenga, unaona shamba linapendeza. Ya pili inaficha bei, kwa kuwa kitu hakiandikwi kwa dola wala shilingi bali kwa vipande ambavyo umevinunua kwa fungu, na mara nyingi fungu limepimwa ili baada ya kununua unachotaka ubaki na vipande vichache visivyotosha kununua kingine. Vipande hivyo vinakuvuta ununue fungu jipya.

Vitu vilivyouzwa vilikuwa vya namna nne: muda, yaani kuharakisha au kununua mafuta ya trekta ili ulime mistari mingi kwa mbofyo mmoja, nafasi, yaani kupanua shamba bila kusubiri, mapambo, na vitu vya msimu vinavyouzwa kwa siku chache kisha vinaondolewa. Hicho cha mwisho kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mchezaji anayejua kwamba kitu hakitakuwapo Jumatatu huamua upesi, na anayeamua upesi hahesabu.

Sasa idadi ya wanaolipa. Robo ya mwisho ya mwaka 2011, Zynga ilikuwa na watu takriban milioni 153 wanaocheza kwa mwezi baada ya kuondoa waliohesabiwa mara mbili. Waliolipa walikuwa takriban milioni 2.9, hawafiki wawili katika kila mia. King, wenye Candy Crush Saga, walitoa takwimu zao walipojiandaa kuingia soko la hisa la New York mwaka 2014: robo ya mwisho ya 2013 walikuwa na wachezaji wapatao milioni 304 kwa mwezi, na waliolipa walikuwa milioni 12 hivi, yaani wanne katika mia. Hiyo ilikuwa kampuni iliyofanikiwa kupita kiasi. Mtengenezaji mpya anayepanga hesabu zake kwa kudhani kwamba kumi katika mia watalipa amekwisha kupotea kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.

Hata ndani ya hao wachache mgawanyo hauko sawa. Wengi hulipa mara moja, kifurushi kidogo kabisa, wasirudie. Sehemu kubwa ya mapato hutoka kwa kikundi kidogo kinacholipa tena na tena, wengine mamia ya dola. Ndiyo maana wastani wa malipo kwa mchezaji unadanganya. Ukiondoa watu wachache wa juu kabisa, mchezo uliokuwa na faida unaweza kugeuka wa hasara, na hao wachache wakichoka kwa pamoja hakuna tangazo litakalookoa mwezi huo.

Wale 98 katika kila mia wasiolipa wana kazi yao. Kwa wanaolipa wao ndio majirani, wapinzani na watazamaji, kwa kuwa hakuna anayenunua pambo la shamba lisiloonwa na mtu. Kazi yao kubwa zaidi, hata hivyo, ni kuleta wengine. FarmVille ilikupa zawadi za bure za kuwatumia rafiki zako kila siku, na ili rafiki aipokee ilimbidi aufungue mchezo. Kupanua shamba kulihitaji idadi fulani ya majirani, la sivyo ulipe. Kujenga banda kulihitaji msaada wa marafiki. Mara kwa mara mnyama aliyepotea aliingia shambani kwako, na mchezo ukakuomba utangaze kwenye ukuta wako wa Facebook ili mmoja wa marafiki amchukue. Kila kitendo cha mchezaji kiligeuzwa tangazo ambalo kampuni haikulilipia.

Tuchukue mfano wa hesabu ili nguvu ya jambo hili ionekane. Namba ni za mfano tu, lakini hesabu ndivyo inavyofanyika. Umelipia matangazo, na kila mchezaji mpya amekugharimu shilingi 500. Umeleta watu 10,000, umetumia milioni 5. Wawili katika mia wanalipa, yaani watu 200, na kila mmoja mpaka atakapoacha mchezo amelipa jumla ya shilingi 12,000. Hiyo ni milioni 2.4. Duka la programu linakata asilimia 15, inabaki 2,040,000. Wale 9,800 wengine wanaona matangazo, tuseme 40 kila mmoja mpaka waache, jumla ni maonyesho 392,000. Kwa shilingi 2,000 kwa kila maonyesho elfu moja, unapata 784,000. Mapato yote ni 2,824,000, yaani shilingi 282 na senti kwa kila mchezaji uliyemnunua kwa 500. Umepoteza zaidi ya milioni 2, na bado hujalipa seva wala mshahara. Lakini umepakuliwa mara 10,000, na gazeti litaandika hivyo.

Sasa weka uenezi. Tuseme kila wachezaji kumi wanaleta watatu bila malipo. Wale 10,000 wanaleta 3,000, hao wanaleta 900, hao 270, mpaka jumla inafika 14,300 hivi. Mapato yanapanda hadi kama milioni 4, bado hasara. Kila kumi wakileta watano, jumla inafika 20,000, mapato ni milioni 5.6, na sasa una faida. Mchezo ni uleule, bei ni zilezile, kilichobadilika ni idadi ya marafiki wanaoletwa. Mtu akiisoma hesabu hii vizuri ataelewa ni kwa nini kurasa za Facebook mwaka 2009 zilifurika ng'ombe waliopotea.

Mwaka 2010 Facebook ilichoka na malalamiko ya watu wasiocheza. Mwezi Machi iliondoa taarifa ambazo programu ziliwatumia watumiaji, na baadaye mwaka huo ikazuia habari za michezo zisionekane kwa wasiocheza. Rudi kwenye mfano wetu: ikiwa kila kumi walikuwa wanaleta watano na sasa wanaleta mmoja, jumla inashuka kutoka 20,000 hadi 11,100 hivi, na mapato yanashuka hadi milioni 3.1 dhidi ya gharama ileile ya milioni 5. Faida imegeuka hasara kubwa bila mchezaji hata mmoja kuuchukia mchezo. FarmVille ilianza kupoteza mamilioni ya wachezaji mwaka huohuo, na Zynga ikaziba pengo kwa kuitumia michezo yake yenyewe kuwahamishia wachezaji michezo mipya. Juu ya kila mchezo kulikuwa na utepe unaotangaza mingine ya kampuni hiyohiyo. Hivyo ndivyo CityVille, iliyotoka Desemba 2010, ilivyoweza kufikisha wachezaji wa mwezi wapatao milioni 100 ndani ya wiki chache.

Kisha likaja suala la malipo. Kuanzia Julai 1, 2011 Facebook iliilazimisha michezo yote ipokee malipo kupitia fedha yake yenyewe, ikikata asilimia 30. Katika hati za kuingia soko la hisa, kampuni hizi mbili zilionyesha kwa kiasi gani zimefungamana: Facebook ilieleza kwamba Zynga ilichangia asilimia 12 ya mapato yake ya 2011, na Zynga ikaeleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ilipitia Facebook. Ukitazama namba hizo mbili kwa pamoja unajua nani angeumia zaidi wakigombana.

Zynga iliingia soko la hisa Desemba 2011 kwa dola 10 kwa hisa, ikakusanya dola bilioni 1. Kilichofuata ndicho ningependa kila mwandishi wa habari za teknolojia akisome. Mapema mwaka 2012 mchezo wa kuchora na kubahatisha uitwao Draw Something, wa kampuni ndogo ya New York, OMGPOP, ulipakuliwa zaidi ya mara milioni 35 katika muda usiofika miezi miwili. Mwezi Machi Zynga iliinunua kampuni hiyo kwa takriban dola milioni 180. Magazeti ya dunia yalishangilia. Idadi ya wanaocheza michezo ya Zynga kwa siku ilipanda mpaka milioni 72 katika robo ya pili ya mwaka huo, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia kabla. Katika robo hiyohiyo mauzo ya kampuni yalishuka kutoka dola milioni 329 za robo iliyotangulia hadi milioni 302. Wachezaji walizidi, hela ikapungua. Mwishoni mwa Julai hisa ilikuwa karibu dola 3, na Oktoba kampuni ikatangaza kufuta vitabuni dola milioni 85 hadi 95 za thamani ya OMGPOP. Mwaka uliofuata ikapunguza wafanyakazi 520 na kuifunga ofisi ya OMGPOP.

Kwa nini Draw Something ilianguka? Mchezo ulihitaji wawili wanaochoreana kwa zamu, hivyo ulienea kwa kasi ya ajabu, maana kila mchezaji alimhitaji mwenzake. Lakini hapakuwa na kitu cha kujenga, wala daraja la kupanda, wala sababu ya kurudi mwezi ujao maneno ya kuchora yakiisha. Na mmoja akiacha, mwenzake amebaki bila wa kucheza naye, naye anaacha. Njia iliyowaleta ndiyo iliyowaondoa, kwa kasi ileile.

Zynga yenyewe haikufa. Ilihamia kwenye simu, ikanunua watengenezaji wenye michezo ambayo wachezaji wake tayari walikuwa wanarudi na kulipa, wakiwamo Peak ya Uturuki kwa dola bilioni 1.8 mwaka 2020, na mwaka 2022 ikanunuliwa na Take-Two, kampuni ya michezo ya Marekani, kwa bilioni 12.7. FarmVille ya mwanzo ilifungwa Desemba 31, 2020, siku ambayo Adobe iliacha kuihudumia Flash, teknolojia iliyouendesha mchezo huo.

Basi takwimu gani ziandikwe? Ya kwanza ni wanaorudi. Katika kila mia waliopakua leo, wangapi wanafungua tena kesho, wangapi baada ya siku 7, wangapi baada ya siku 30? Mchezo unaobakiza 35 kesho yake, 12 baada ya wiki na 4 baada ya mwezi una uhai wa kufanyiwa kazi. Unaobakiza 15 kesho yake una tatizo mlangoni: mafunzo ya mwanzo ni marefu, au faili ni kubwa, au unaganda kwenye simu za bei nafuu. Unaobakiza 40 kesho yake na 2 baada ya wiki una mwanzo mtamu na hauna kitu ndani. Makosa hayo mawili hutibiwa kwa namna tofauti kabisa, na idadi ya waliopakua haikuonyeshi lolote kati yake.

Kampuni makini hupima hayo kabla ya kutumia hela za matangazo. Huufungua mchezo katika nchi moja au mbili kwanza, hupima kwa miezi, hurekebisha, na namba zikikataa huufuta. Supercell ya Finland, wenye Clash of Clans na Hay Day, wanajulikana kwa hilo. Hay Day Pop waliijaribu mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 wakaifuta, ingawa ilibeba jina linalopendwa. Kijana wa hapa anaweza kufanya hivyohivyo kwa bei ndogo: leta watu 500 hadi 1,000 kwa tangazo dogo, subiri siku 30, hesabu. Watu 50 ni wachache mno, na ndugu na rafiki wasihesabiwe, maana watarudi kwa ajili yako.

Takwimu ya pili ni ulinganisho wa gharama ya kumpata mchezaji na kile anacholeta mpaka aache, kama tulivyohesabu hapo juu. Na hapa uongezwe muda. Tangazo unalilipia leo. Mauzo ya duka la Google hulipwa katikati ya mwezi unaofuata, na AdMob, huduma ya Google inayoweka matangazo ndani ya programu, hulipa baada ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, tena si kabla hujafikisha dola 100. Mchezaji mwenyewe huenda akalipa kwa mara ya kwanza wiki ya tatu. Kwa hiyo hata mchezo wenye faida kwenye karatasi unaweza kukaa miezi mitatu ukila mtaji. Wengi wanafunga kazi hapo, wakiwa na mchezo mzuri na akaunti tupu.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo mifano ya Marekani haiyaonyeshi. Watangazaji hulipa kidogo kwa kila tangazo linaloonyeshwa Afrika Mashariki, kwa hiyo anayetegemea matangazo peke yake anahitaji wachezaji wengi mara kadhaa kuliko mwenzake wa Ulaya. Mchezo wa megabaiti 150 hupakuliwa kwenye Wi-Fi ya ofisini na kufutwa simu inapojaa. Ukitengeneza mchezo unaochezeka bila intaneti unapata wachezaji wengi zaidi, lakini bila intaneti matangazo hayaji, na hilo huonekana kwenye mapato mara moja. Kisha kuna tangazo la video la sekunde 30 ambalo mchezaji hulitazama ili apewe sarafu. Kwa mtengenezaji ni chanzo kizuri cha mapato, lakini mchezaji wa Mbagala au Kibera ametumia bando lake kulishusha. Sioni wengi wakilisema hili. Ametoa hela, ila imekwenda kwa kampuni ya simu badala ya kwenda kwa mwenye mchezo.

Kuhusu makato ya duka, kiwango cha kawaida cha Apple na Google kilikuwa asilimia 30 kwa miaka mingi, na tangu 2021 watengenezaji wadogo wanakatwa 15. Lakini punguzo hilo huombwa, lazima ujiandikishe.

Takwimu ya tatu ni ngumu kuuliza, na ndiyo yenye uzito kwa jamii: mapato yanatoka kwa nani, na wanajua kwamba wanalipa? Mwaka 2009 Pincus, mwanzilishi wa Zynga, alikiri mbele ya wajasiriamali huko Berkeley kwamba mwanzoni alifanya kila baya ili apate mapato upesi, ikiwamo kuwapa wachezaji sarafu za poka wakikubali kupakua programu ambayo yeye mwenyewe alipoiweka alishindwa kuiondoa. Mwishoni mwa mwaka huo tovuti ya TechCrunch ilifichua jinsi michezo ya Facebook ilivyojaa ofa za namna hii: jibu maswali upate fedha ya mchezo, weka namba ya simu upate majibu, na bila kujua umejiunga na huduma inayokata kila mwezi. Zynga ikaziondoa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi, kwani huduma za ujumbe mfupi zinazokata salio bila mtu kukumbuka alijiunga lini anazifahamu.

Wasimamizi wa Marekani wamechukua hatua. Mwaka 2014 Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5, na Google angalau milioni 19, kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu vya michezoni bila idhini. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520, kati yake milioni 245 zikiwa za kurudishiwa wachezaji walionaswa na vitufe vilivyopangwa ili mtu anunue bila kukusudia. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati, yale unayoyalipia bila kujua kilichomo, ni kamari. Na mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema kwamba sarafu za kasino ya mchezoni, hata kama hazibadilishwi kuwa hela, ni kitu chenye thamani kwa sheria ya jimbo la Washington. Kesi hiyo ya Big Fish Casino iliisha kwa malipo ya dola milioni 155.

Mzazi anayesoma barua hii asisubiri sheria. Afungue Play Store, aguse picha ya akaunti juu, aingie kwenye mipangilio, atafute sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi na achague kwamba kila ununuzi udai nywila au alama ya kidole. Akaunti ya mtoto iwe yake, iliyounganishwa na ya mzazi, isiwe ile yenye kadi au M-Pesa. Ununuzi ukishafanyika kwa bahati mbaya, maombi ya kurudishiwa yatumwe Google ndani ya saa 48, maana baada ya hapo unaelekezwa kwa mtengenezaji mwenyewe, na yeye ndiye mwenye sababu ndogo zaidi ya kukurudishia.

Narudi kwa waandishi. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa hutoa ripoti kila robo mwaka, na wachezaji, wanaolipa na mauzo hupatikana humo au kwenye mkutano wao na wachambuzi. Kampuni ndogo za kwetu hazilazimiki kutoa chochote. Lakini kila mwenye mchezo kwenye duka la Google ana ukurasa wa usimamizi unaoonyesha waliobaki na mchezo baada ya siku 1, 7 na 30, na ukurasa wa matangazo unaoonyesha alichopata kwa kila maonyesho elfu moja. Kumwomba afungue simu aonyeshe hizo kurasa mbili huchukua dakika tano. Mwandishi aandike alichoonyeshwa pembeni ya idadi ya waliopakua, na kama mwenye mchezo amekataa kuonyesha, hilo nalo liandikwe.

Msomaji wako,
Dar es Salaam